Shahada ya Pili na Shamba la Ukoo



Zamani mwalimu wa kijiji aliulizwa na wazazi jambo moja kubwa: je, yafaa mtoto aende shule, au akae nyumbani achunge mbuzi na kufukuza ndege shambani? Namshukuru Mungu, katika vijiji vingi jambo hilo limekwisha kuamuliwa. Siku hizi maswali yamepanda juu. Mzazi huja kwa mwalimu na kusema, "Mtoto wangu amepata shahada ya kwanza ya Chuo Kikuu, na sasa ataka ya pili. Twaombwa fedha. Je, tuzitoe?" Nami naona swali hili ni gumu kuliko lile la zamani. Gharama ya lile ilikuwa mbuzi wachache kukosa mchungaji. Gharama ya hili yaweza kuwa shamba zima.

Mwaka huu swali hilo limeingia katika ukoo wangu mwenyewe, hapa kwetu katika milima ya Uluguru. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, amemaliza shahada ya kwanza ya uchumi wa kilimo, naye ataka kuendelea katika elimu hiyohiyo. Wasomaji wasiojua desturi zetu wafahamu kwamba kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo hupita upande huohuo; kwa hiyo mjomba ana neno katika mambo ya wapwa wake. Basi ukoo ukakutana. Mtu mmoja akatoa shauri kwamba shamba letu la bondeni liuzwe ili kulipa ada. Mzee mmoja akauliza kwa ukali kidogo, "Huyu amesoma kilimo miaka mitatu. Jembe lina mambo gani hata litake miaka miwili mingine?" Kwa kuwa mimi ni mwalimu, wakanipa kazi ya kulichunguza jambo hili na kuwaletea majibu. Niliyowaambia ndiyo ninayoyaandika hapa, maana najua ziko nyumba nyingi zenye shauri kama hilo.

ELIMU HII NI NINI?

Nianze na swali la yule mzee, maana lina haki ya kujibiwa. Elimu ya jembe ni moja, na elimu ya uchumi wa kilimo ni nyingine. Bwana shamba hutufundisha mbegu ifaayo, nafasi ya mashimo, na dawa ya wadudu. Mwanauchumi wa kilimo huuliza maswali mengine. Mkulima ana ardhi kidogo, mikono miwili na fedha haba. Avigawe namna gani? Akivuna magunia kumi, auze yote leo bei ikiwa chini, au aweke matano mpaka masika, huku akihofu dumuzi? Nyanya iliyonunuliwa mlimani kwa bei ndogo huuzwa mjini kwa bei kubwa. Ile tofauti yaenda kwa nani, na kwa haki gani?

Maswali haya si mageni kwa Wakristo. Sote tumesoma habari za Yusufu katika nchi ya Misri, jinsi alivyotenga sehemu moja katika tano ya mavuno ya miaka saba ya shibe, hata miaka saba ya njaa ilipokuja watu wakapata chakula. Ndoto alifunuliwa na Mungu. Lakini ghala, vipimo, wasimamizi na hesabu vilikuwa kazi ya akili na ya mikono. Elimu hii ni ndugu wa kazi ile.

Nitatoa mfano wa hapa kwetu. Mwaka mmoja kabichi huwa na bei nzuri, basi msimu ufuatao kila mtu hupanda kabichi. Zikikomaa zote pamoja, sokoni hazina mnunuzi, nyingine huozea shambani. Watu hukata tamaa, wakaacha kupanda. Na mwaka wa tatu kabichi ni haba, bei imepanda tena. Sisi husema ni bahati mbaya. Wataalamu wameichunguza bahati hiyo, wakaona ina kanuni. Mwaka 1938 Mordecai Ezekiel wa Marekani aliandika maelezo yake, na kwa kuwa mistari ya bei na mavuno ikichorwa karatasini huzungukazunguka, jambo hilo huitwa utando wa buibui. Sababu yake ni kwamba mkulima huchagua la kupanda kwa bei ya jana, lakini huuza kwa bei ya kesho. Mtu akilijua hilo, aweza kuwafaa jirani zake kuliko mtu mwenye jembe jipya.

Tena elimu hii imewatetea wakulima. Kwa miaka mingi wakubwa wengi walidhani mkulima maskini ni maskini kwa sababu ya ujinga na uvivu. Theodore Schultz, katika kitabu alichokitoa mwaka 1964, alipinga neno hilo. Alisema kwamba wakulima wa namna hiyo hutumia vizuri vile vichache walivyo navyo. Wanachokosa ni vyombo vipya, maarifa mapya, na elimu ya kuvitumia. Mwaka 1979 alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Arthur Lewis, aliyezaliwa katika kisiwa cha Saint Lucia. Naye Amartya Sen wa Bara Hindi, aliyepata tuzo hiyo mwaka 1998, alichunguza njaa kubwa ya Bengal ya mwaka 1943, na katika kitabu chake cha mwaka 1981 akaonyesha kwamba watu waweza kufa kwa njaa hata nchi ikiwa na chakula, ikiwa ujira wao hautoshi kukinunua.

Wazee wetu wa Uluguru hawahitaji mifano ya mbali. Wanakumbuka, au wamesimuliwa na baba zao, habari za matuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Waingereza iliwaamuru watu wakate matuta ya ngazi milimani ili udongo usichukuliwe na mvua. Nia ilikuwa njema, maana udongo ulikuwa ukienda mtoni. Lakini kukata matuta kulitaka kazi nyingi sana, na mahali pengi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu. Ukigeuzwa, huja juu udongo usiozaa. Mtu alifanya kazi mara mbili akavuna mahindi machache kuliko kwanza. Mwaka 1955 kukatokea ghasia, mtu akauawa, na mpango ukaachwa. Upande wa Mgeta, ambako watu walipata kulima mboga za kuuza, matuta yalikubaliwa zaidi, kwa kuwa mboga ziliweza kulipa jasho. Tazameni basi: mlima ni mmoja, tuta ni lilelile, lakini huku ni faida na huku ni hasara. Laiti angalikuwako mtu wa kuihesabu siku za kazi za mkulima na kumwuliza maneno yake kabla ya amri kutolewa! Kazi ya mtu huyo ndiyo kazi ya mwanauchumi wa kilimo.

Niliposema hayo, yule mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa nimeelewa. Jembe halina haja ya miaka miwili. Mwenye kutoa amri juu ya jembe ndiye anayeihitaji."

JE, SHAHADA YA KWANZA HAITOSHI?

Kwa watu wengi yatosha, nami nalisema wazi, maana vijana wengine hufuata shahada ya pili kwa kuwa tu hawajapata kazi, kama mtu apandaye mti asijue anaangalia nini. Mwenye shahada ya kwanza aweza kuwa afisa wa kilimo au wa masoko katika wilaya, aweza kushika hesabu za chama cha ushirika, aweza kukopesha wakulima katika benki, aweza kufanya biashara yake mwenyewe ya mazao. Kazi hizo zamtaka kufanya zaidi kuliko kusoma.

Shahada ya pili yahitajiwa na mtu anayetaka kuchunguza: atakayefundisha Chuo Kikuu, atakayefanya utafiti, atakayewashauri wakubwa wa serikali juu ya bei, kodi, mbolea na biashara ya nchi na nchi. Mtu huyo hatosheki na kujua kwamba bei imeshuka; yampasa aweze kuthibitisha kwa nini imeshuka.

NJIA ZILIZOPO

Niligundua kwamba shahada za pili katika elimu hii si moja, ingawa majina yake yafanana. Nitazitaja moja moja.

Ya kwanza ni uzamili wa uchumi wa kilimo na uchumi tumizi. Neno "tumizi" maana yake ni uchumi utumiwao kupima mambo ya maisha: chakula, maji, misitu, ardhi, biashara. Huko Marekani chama cha wataalamu wa elimu hii, kilichoanza mwaka 1910, kilibadili jina lake mwaka 2008 ili kulitia neno hilo, maana wanachama walikuwa wamekwisha kuvuka mipaka ya shamba. Masomo ya uzamili huu kwa kawaida ni kama miaka miwili. Kwanza mwanafunzi husoma nadharia ya uchumi, hesabu, takwimu na ekonometria, kisha hufanya utafiti wake na kuandika tasnifu. Hiyo ekonometria ni elimu ya kupima kama jambo moja kweli ndilo lililoleta jingine. Kwa mfano, tukiona wanachama wa ushirika wana mapato kuliko wengine, je, ushirika ndio uliowainua, au wenye mali ndio waliojiunga? Macho hayawezi kujibu. Hesabu yaweza kusaidia. Lakini anayechukia hesabu asiifuate njia hii, maana atateseka bure.

Katika njia hii Afrika imefanya jambo jema la umoja. Liko shirika la utafiti wa uchumi wa Afrika lenye makao Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1988, liitwalo kwa herufi za Kiingereza AERC. Mwaka 2005 ulianza mpango wa uzamili wa pamoja wa uchumi wa kilimo na uchumi tumizi, vyuo vya mashariki, kati na kusini mwa Afrika vikishirikiana. Mpango uliwekwa hivi: mwanafunzi husoma masomo ya msingi katika chuo cha kwao, kisha wanafunzi wa nchi nyingi hukutana Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, kwa miezi michache wasome masomo ya kuchagua, kisha kila mmoja hurudi kwao kuandika tasnifu yake. Masomo hayo ya kuchagua ni kama sera na biashara ya mazao, mazingira na mali ya asili, na uendeshaji wa biashara za kilimo. Hekima yake ni wazi. Chuo kimoja hakiwezi kuwa na walimu bingwa wa kila jambo. Vyuo vingi vikikusanya wanafunzi mahali pamoja, kila mmoja hupata. Ni kama vijiji vinavyochimba kisima kimoja kirefu badala ya kila kijiji kuchimba kifupi kinachokauka.

Miongoni mwa vyuo vya mpango huo kimo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho sisi wa milimani twakitazama chini yetu pale Morogoro. Kilifanywa Chuo Kikuu kamili mwaka 1984, kikapewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka huohuo. Kimo Egerton cha Njoro, Kenya, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo. Kimo Makerere cha Uganda, kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Kadhalika Chuo Kikuu cha Nairobi, na vingine vya Ethiopia, Malawi na Zimbabwe. Kwa hiyo mtoto wetu asidhani kwamba elimu hii haipatikani ila kuvuka bahari.

Ya pili ni uzamili wa biashara ya kilimo. Hapa hesabu za nadharia ni kidogo, na mafundisho ya kuendesha kazi ni mengi: kutunza daftari, kutafuta mtaji, kuongoza watu, kuhifadhi na kusafirisha mazao, kutafuta masoko. Njia hii yamfaa anayetaka kusimamia kiwanda cha kusindika matunda, ghala, au chama kikubwa cha ushirika. Wengine huidharau wakidhani ni ndogo kuliko ile ya kwanza. Si kweli. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na vyama vingapi vya wakulima vimekufa, si kwa ukosefu wa mazao, bali kwa ukosefu wa daftari!

Ya tatu ni uchumi wa mazingira na mali ya asili, ambao mahali pengine ni tawi la ile ya kwanza na mahali pengine husimama peke yake. Huo huuliza thamani ya mambo yasiyouzwa sokoni. Msitu wa Uluguru hauna bei, lakini mto Ruvu hutoka katika milima hii, na watu wa Dar es Salaam hunywa maji yake. Je, mkulima wa mlimani anayeacha kukata msitu, alipwe nini na yule anywaye maji mjini? Hilo ni swali zuri kwa kijana wa milimani.

Ya nne ni kwenda ng'ambo. Uingereza uzamili wa masomo ya darasani kwa kawaida huchukua mwaka mmoja; Uholanzi, katika chuo cha Wageningen kijulikanacho sana kwa mambo ya kilimo, huchukua miaka miwili. Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin kina idara ya elimu hii tangu mwaka 1909. Hapa yafaa vijana wajue jambo ambalo wengi hawaambiwi. Katika vyuo vya Marekani, shahada zenye utafiti mara nyingi huja na kazi ya kumsaidia profesa, na kwa kazi hiyo mwanafunzi husamehewa ada na kupewa posho; lakini shahada za darasani tupu, zisizo na tasnifu, mara nyingi mwanafunzi hujilipia mwenyewe. Kwa hiyo barua mbili za kukubaliwa, zote za Marekani, zote za elimu moja, yaweza moja kuwa mlango na nyingine kuwa shimo. Soma barua mpaka mwisho, utazame ni nani anayelipa.

Ya tano ni uzamivu, yaani shahada ya udaktari. Hiyo ni kazi ya miaka mingi. Marekani ni kama mitano, na huko mwanafunzi mwenye hesabu nzuri huweza kuingia hata kama hana uzamili. Kwa vyuo vya kwetu kwa kawaida hutangulia uzamili. Asiichukue njia hii ila yule ambaye swali lake halimwachi alale.

SWALI LAKO NI LIPI?

Nilipokwisha kuyajua hayo, nilimwita mpwa wangu tukakaa barazani. Sikumwuliza ataka shahada gani. Nilimwuliza, "Ni jambo gani unataka kulijua ambalo sasa hulijui?"

Akafikiri, kisha akajibu, "Mjomba, nataka kujua kwa nini mama huteremsha ndizi sokoni tangu nilipokuwa mtoto, bei ya mjini imepanda mara nyingi, lakini fedha anayorudi nayo haijui kwamba bei imepanda."

Nikamwambia kwamba hapo amekwisha kuchagua. Swali hilo ni la bei na masoko, lataka takwimu na ekonometria. Njia yake ni ile ya kwanza. Kama angalisema, "Nataka kuanzisha ghala la ndizi na kuwaajiri watu," ningalimpeleka ya pili. Nimeona kijana akianza na jina la shahada hupotea, bali akianza na swali, jina la shahada hulipata upesi.

KUHESABU GHARAMA

Bwana wetu alifundisha kwa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, kwamba imempasa kuketi kwanza ahesabu gharama. Basi nilimwambia mpwa wangu, "Wewe ni mwanauchumi. Usituombe shamba kwa machozi. Tuonyeshe hesabu yake mbele ya wazee." Naye akakubali. Aliifanya kwenye karatasi kubwa akaibandika ukutani. Nitaieleza kwa tarakimu za mfano tu, ili kila nyumba iweze kuweka zake.

Tuseme shamba laweza kuuzwa shilingi 6,000,000. Watu wengi hudhani gharama ya masomo ni hizo 6,000,000, basi. Lakini tuseme shamba hilo, ukitoa gharama za kulima, huleta shilingi 900,000 kila mwaka. Kwa miaka 20 ni shilingi 18,000,000. Hizo ndizo tunazoziuza kwa 6,000,000. Ndiyo sababu mnunuzi hucheka moyoni. Tena tuseme binti angeweza kupata kazi ya shilingi 500,000 kwa mwezi. Akisoma miaka miwili haipati; hasara yake ni shilingi 12,000,000. Wanauchumi huiita gharama ya fursa, yaani kile unachokiacha ili ukipate kingine. Jumla ni shilingi 30,000,000.

Sasa tutazame faida. Tuseme kwa shahada ya pili mshahara wake utazidi kwa shilingi 200,000 kila mwezi, yaani 2,400,000 kwa mwaka. Ukigawa 30,000,000 kwa 2,400,000, utapata miaka kumi na miwili na nusu kabla gharama haijarudi. Lakini kama atapata ufadhili wa kulipa ada na chakula, shamba halitauzwa. Itabaki ile hasara ya mshahara, 12,000,000, nayo hurudi kwa miaka mitano. Wataalamu wenyewe hupunguza thamani ya shilingi ya mbele, kwa kuwa shilingi ya leo yaweza kufanyiwa kazi tangu leo. Wakifanya hivyo tarakimu hubadilika, lakini mafundisho hayabadiliki. Anayelipiwa na ufadhili na anayelipiwa na shamba hawasomi shahada moja, hata kama wameketi dawati moja.

Baada ya hesabu, dada yangu, ambaye muda wote alikuwa kimya, akasema neno ambalo halikuwa karatasini. Alisema, "Shamba hili si langu wala si la mjomba wake. Kwa desturi yetu watakaolilima ni watoto wa binti huyu. Tukiliuza ili yeye asome, tunawatoza ada watoto ambao hawajazaliwa, wala hatukuwauliza." Hakuna aliyejibu. Mimi nimesoma vitabu kadhaa kwa ajili ya kazi hii, lakini sikukuta neno lililonigusa kama hilo.

Hata hivyo nilisimama kumtetea binti, maana nilihofia wazee watalichukua neno hilo kuufunga mlango kabisa. Kuna ukoo ambao hauuzi shamba, na hausomeshi mtoto, na baada ya miaka hamsini shamba limegawanywa vipande vya ukubwa wa mkeka, wala hakuna ajuaye la kufanya. Ardhi haikui, watu huongezeka. Elimu ni shamba ambalo haligawanyiki likapungua. Kwa hiyo sikukubali iwe shamba au elimu. Nilitaka tutafute njia ya kuvipata vyote viwili, ingawa ni ndefu.

Shauri tulilopatana ni hili. Shamba haliuzwi. Binti amechukua kazi ndogo ya kuandika mizani na bei kwa wanunuzi wa mazao, ambayo mshahara wake si mkubwa lakini yamfundisha jambo lilelile analotaka kulichunguza. Wakati huo anaomba nafasi za uzamili zenye ufadhili, hapa Afrika Mashariki kwanza. Ukoo umechanga fedha za maombi, pasi na nauli, si zaidi. Na kama ufadhili hautapatikana katika miaka miwili, tutakutana tena. Yeye hakufurahi sana siku ile. Alitaka kuondoka mwaka huu. Maombi yake amekwisha kuyapeleka, wala majibu hayajarudi. Siwezi kuwaambia wasomaji kwamba mambo yamekwisha vizuri, kwa kuwa hayajaisha.

MASHAURI KWA NYUMBA NYINGINE

Kwa wale wenye shauri kama letu, nawaachia mambo manne.

Kwanza, mwulizeni kijana swali lake kabla ya jina la chuo. Asiye na swali na afanye kazi kwanza. Kazi itampa swali.

Pili, tazameni masomo ya hesabu na takwimu katika vyeti vyake. Kama ni dhaifu na njia aitakayo yahitaji hesabu, na atumie mwaka mmoja kujitengeneza. Ni nafuu kuliko kushindwa ugenini.

Tatu, ulizeni ni wanafunzi wangapi wa idara ile humaliza kwa wakati. Katika vyuo vingi masomo ya darasani huisha vizuri, lakini tasnifu huchelewa, na kila muhula wa kuchelewa una gharama yake. Kijana atafute msimamizi anayesoma kazi za wanafunzi wake, aulize kwa wale waliomtangulia.

Nne, patananeni tangu mwanzo kuhusu deni. Sisemi deni la fedha tu. Mtoto aliyesomeshwa na kijiji katika elimu ya bei na masoko anawiwa na kijiji maarifa hayo. Akija likizo, na awakusanye akina mama wauza ndizi, awaeleze alichokiona. Akiandika tasnifu juu ya jasho letu, na atuletee maneno yake kwa Kiswahili, yasibaki kwenye kabati la chuo kwa lugha ambayo waliohojiwa hawawezi kuisoma.

Na ninyi vijana mliokwisha kupata nafasi, kumbukeni kwamba Yusufu hakupewa ghala la Misri ili ashibe peke yake. Siku mtakapoketi mezani na wakubwa wanaotaka kutoa amri juu ya jembe la mtu wa mlimani, kumbukeni matuta ya mwaka 1955, mkawaambie, "Ngojeni kwanza, tumwulize mwenye shamba, tuhesabu siku zake za kazi." Kama shahada yenu itawapa ujasiri na ujuzi wa kusema neno hilo moja na kulithibitisha, basi ilistahili miaka yake.

Mungu awape wazazi busara ya kuhesabu, na vijana uvumilivu wa kungoja. Nami ni ndugu yenu katika kazi ya kufundisha.